Kitabu cha Ukoo Katika Disketi Saba

Saa mbili na robo asubuhi, Majengo, mjini Moshi. Dominika Kornel anafungua kufuli mbili za chumba chake cha biashara, anafagia kizingiti, anavuta kipande cha kitenge kilichofunika kompyuta. Hajakaa bado, mteja wa kwanza ameshasimama mlangoni na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ni ratiba ya mazishi, nakala sitini, zinatakiwa kabla ya saa saba.

"Karibu, mwanangu. Poleni sana na msiba. Kaa hapo kwenye stuli."

Anaandika bila kutazama vidole. Jina la marehemu, mwaka aliozaliwa, siku aliyobatizwa, watoto aliowaacha. Kazi inakwenda mbio mpaka anafika kwenye mstari unaosema mazishi yatafanyika nyumbani kwake, kihambani. Hapo vidole vinasimama. Mteja anainua macho kutazama taa, akidhani umeme umekatika.

Umeme upo. Ni Dominika aliyesimama.

"Nisamehe," anamwambia mteja, kisha anaendelea. Baadaye, mteja akiwa ameondoka na nakala zake, anasema bila kuulizwa: "Kila marehemu ninayemwandika ana mahali pa kwenda. Mimi niliye hai ndiye sina."

Dominika ana umri wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Huko mlimani mtu huzikwa kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la ukoo wake, hatua chache kutoka mlangoni pake. Mchaga akizikwa makaburi ya manispaa, watu humsikitikia kuliko walivyomsikitikia alipokuwa mgonjwa. Dominika alikuwa na kipande chake cha kihamba. Krismasi hii ya mwaka 2003 ikipita, hatakuwa nacho. Ushahidi kwamba kilikuwa chake umefungwa ndani ya programu ya kompyuta ambayo yeye mwenyewe aliichagua.

"Usiandike kwamba nimeonewa tu," anamwambia mwandishi, kidole juu. "Nimeonewa, ndiyo. Lakini andika pia kwamba niliambiwa, na nikachagua."

Uchapaji aliuanza mwaka 1984, katika ofisi moja ya ushirika hapa mjini. Upepo wa soko huria ulipovuma, wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na mizani zao, ofisi ikaanza kupunguza watu. Barua za kuwapunguza wafanyakazi kumi na watatu alipewa yeye azichape, na jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha.

"Nikaichapa yangu, nikaweka nukta, nikaendelea na ya nne. Ungefanyaje? Kazi ilikuwa haijaisha."

Kwa kiinua mgongo alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye diski ya megabaiti mia tano na arobaini. Mwaka ule ilionekana ghala. Ndani ya miaka mitatu ghala likajaa kadi za michango ya harusi na ratiba za misiba zenye picha za marehemu. Kufuta hawezi, kwa sababu mwaka ukipita watu hurudi: "Mama Zita, ile ya baba bado unayo? Tunataka ya misa ya kumbukumbu." Diski mpya hakuwa na uwezo wa kuinunua, kwa ukurasa mmoja wa shilingi mia tatu na siku njema ya shilingi elfu tano. Ikabidi ajifunze kubana mafaili.

Aliyemfundisha ni Godbless, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mtaa wa pili. Kijana mpole, mwenye maneno mengi. Naye, kama wateja, humwita Mama Zita, kwa jina la binti yake wa pekee, anayesoma kidato cha nne.

Basi Septemba mwaka 2001, mkuu wa ukoo wao aliteremka kutoka Kirua na mfuko wa kaki kwapani. Ni Mzee Aristides, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Dominika, mwenye miaka themanini na moja wakati ule.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa kitabu. Daftari kubwa la jalada gumu, kurasa mia moja na kumi na mbili, mchwa wameshakula kona zote nne. Aristides alilianza mwaka 1952, alipokuwa karani wa kahawa kijijini. Humo aliandika kila jambo la ukoo: nani kapewa shamba lipi, mpaka unapita wapi, nani alimkosea nani na siku gani walipatana. Wanaume saba, watoto wa baba mmoja, walizaa nyumba saba, na nyumba zote saba zimo mle.

Ukurasa wa sitini na moja, wa tarehe 8 Julai 1989, Dominika anaujua kama Baba Yetu. Mwaka huo ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani na Zita wa miaka minne. Baba yake, Mzee Kornel, akafanya jambo ambalo kina baba wachache walilithubutu. Alikata kipande cha kihamba, kuanzia mfereji wa maji hadi kwenye mti wa mringaringa, akampa binti yake. Migomba sitini, mibuni arobaini. Wakapanda masale kwenye mpaka, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huwekea mipaka yao, na wazee wa nyumba zote saba wakatia dole gumba.

"Jovin ndiye aliyenishikia miche," anasema Dominika. Jovin ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Dominika ni kifungua mimba. "Alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimbeba mgongoni huyo, nikamfunza kutembea. Anashika mche, mimi nakanyagia udongo. Leo anasema hakumbuki. Mae! Hakumbuki!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini tusimtangulie Jovin, zamu yake inakuja.

Dominika aliazima skana kwa Godbless, akapiga picha kurasa zote kwa siku tano. Zikatoka megabaiti hamsini na nne, na kwenye diski yake zilibaki megabaiti thelathini na moja tu. Ilimbidi abane huku akipiga. Mzee Aristides alishuka kila siku na basi la asubuhi, akakaa kwenye stuli ya wateja, kofia juu ya goti, akilinda kitabu chake.

"Sasa hiyo mashine inakamua nini?" aliuliza. "Kitabu changu hakina maji."

"Baba Mkubwa, ni kama majani ya ng'ombe. Ukiyakata kule tambarare ni rundo kubwa. Ukiyakanyaga na kuyafunga vizuri, mwanamke mmoja anayabeba kichwani mpaka nyumbani. Ukifungua kamba, majani ni yale yale."

Mzee alicheka, akaridhika. Mtu aliyefuga ng'ombe wa ndani miaka hamsini, mfano huo hauhitaji tafsiri.

Godbless alileta programu tatu kwenye sidii moja, na Dominika akazijaribu zote kwa uangalifu wa karani, akiandika majibu nyuma ya kalenda. Ya kwanza ilibana diski nzima ya kompyuta, akaiogopa: ikikosea, inaondoka na kazi za wateja wote. Ya pili ilibana kurasa kwa mafungu, zikahitaji disketi tisa, na kila disketi ilifunguka peke yake. Ya tatu ndiyo iliyobana kuliko zote. Ilikifanya kitabu kizima kuwa mzigo mmoja, ikaukata vipande saba sawasawa, disketi saba, na haikufungua hata ukurasa mmoja mpaka ipewe vipande vyote saba.

Godbless alishauri ya pili. "Mama Zita, chukua hii. Haibani sana, lakini kila disketi inajitegemea. Moja ikiharibika, umepoteza kurasa kumi na mbili, hujapoteza kitabu."

Maneno hayo Dominika aliyasikia vizuri. Anayarudia leo neno kwa neno.

Disketi saba, nyumba saba. Hapo ndipo aliponaswa.

Kwa desturi ya ukoo wao, mnyama wa ukoo akichinjwa, kila nyumba ina fungu lake linalojulikana, na hakuna fungu linalotoka mpaka nyumba zote zimefika. Nyumba moja ikichelewa, nyama inasubiri. Kama njia haipitiki kwa mvua, nyama inasubiri. Dominika amekua akiliona hilo kila Desemba, na hajapata kuona nyumba iliyosusa. Mtu wa kususa mnyama wa ukoo angetoka wapi?

"Nikamwambia mzee, Baba Mkubwa, hii ya tatu ndiyo yenyewe. Kila nyumba itakaa na kipande chake. Hakuna atakayekifungua kitabu kwa siri, hakuna atakayekikwangua. Siku wakitaka kukisoma, lazima wakae wote saba, kama kwenye mnyama. Wazo lilikuwa langu. Mzee alilipokea tu."

Na alilipokea kwa mikono miwili. Miaka michache nyuma mtu fulani aliwahi kukwangua mstari wa mpaka kwa wembe, ukurasa wa thelathini, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. "Umenena," alimwambia. "Kitabu kisichofunguka bila ndugu. Basi hata nikifa nalala."

Godbless alijaribu mara ya mwisho, akiwa amemvuta pembeni: abakize nakala moja kwenye kompyuta yake, mzee hatajua. Dominika alikataa. Alikuwa ameahidi kwamba hakuna nyumba itakayokuwa na kitabu kizima, na yeye ni mtu wa nyumba ya nne. Alizifuta kurasa mbele ya macho ya mzee, moja baada ya nyingine. Siku ya pili yake akaanza kazi ya harusi tatu, na kadi za michango zikaandikwa pale pale kurasa zilipokuwa, zisirudishike tena.

"Ningekuwa mwizi kidogo tu, leo ningekuwa na shamba," anasema. "Uaminifu wangu ndio ulionila."

Disketi ziligawiwa Desemba ile, siku ya mnyama, kila moja kwenye bahasha ya kaki yenye namba. Zilikwenda kwa wanaume wakuu wa nyumba. Ya nne, ya nyumba ya Mzee Kornel, ilikwenda kwa Jovin, kwa kuwa kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba. Dominika alizitengeneza zote saba, na yeye hakupewa hata moja. Wakati ule hakuliona kama jambo.

Machi mwaka 2002 Mzee Aristides akafariki. Alikuwa ameagiza azikwe na kitabu chake kifuani, ili makaratasi yasibaki yakagombewa na wenye wembe. Ukoo ukakubali. Kwa nini wakatae? Kitabu si kimeshahifadhiwa kwenye kompyuta? Dominika mwenyewe alichapa ratiba ya mazishi, na mwenyewe alishuhudia kitabu kikiwekwa chini ya mikono ya mzee, jeneza likafungwa. Kaburi likajengewa saruji na marumaru. Kulifungua, hakuna Mchaga atakayelitamka hilo mbele za watu.

Miezi kumi ikapita. Januari mwaka huu Jovin akapata mnunuzi, mtu wa mbali anayetaka kujenga nyumba ya wageni karibu na barabara. Anataka kihamba chote, na chote maana yake ni pamoja na kile cha kati ya mfereji na mringaringa.

Dominika alipanda Kirua kuzungumza na mdogo wake. Hawakuelewana. Agosti, alipokwenda Jumamosi kama kawaida yake kupalilia migomba, akakuta masale ya mpaka yameng'olewa, yamelundikwa kando kama magugu, na mahali pake pamepandwa nyanya. Ulibaki mmoja tu, ule wa mwisho kabisa kando ya mfereji, ambao jembe halikuufikia. Alikaa chini pale pale, anasema, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Akaenda baraza la kata. Huko, kwa hasira, alimwita mdogo wake mwizi mbele ya watu. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima, kisha wakauliza swali moja: ushahidi uko wapi? Mashahidi wa mwaka 1989 wote wamelala kaburini. Akasema, kitabu. Kitabu kiko wapi? Akasema, kwenye disketi saba.

Baraza halina kompyuta. Kwa hiyo Oktoba, siku ya Jumatano, wazee wa ukoo na wajumbe wawili wa baraza waliteremka Majengo wakajibana ndani ya chumba hiki. Wengine walisimama, wengine waliketi juu ya makasha ya karatasi. Disketi ya kwanza ilitoka ndani ya Biblia, ya tatu ndani ya kopo la maziwa ya unga, ya sita ilifungwa kwenye leso pamoja na rozari. Watu walizitunza. Zilikuwa sita.

Jovin hakuja.

Walimsubiri mpaka saa nane. Wazee hawakunung'unika, wamezoea kusubiri nyumba iliyochelewa. Saa nane Godbless akaanza kuziingiza. Ya kwanza, kompyuta ikasoma. Ya pili, ikakoroma ikasoma. Ya tatu, ikasoma. Kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba inaomba disketi ya nne.

Godbless akaipa ya tano. Ikaitema, ikaomba ya nne. Akachukua disketi tupu, akaiandika namba nne, akaiingiza. Ikaomba ya nne.

"Fundi," aliita Mzee Filbert wa nyumba ya pili, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. "Sita tunazo. Haiwezi kutuonyesha hata kidogo? Hata jina la marehemu baba?"

"Haiwezi, mzee. Iliambiwa ikatae."

"Nani aliiambia?"

Dominika alikuwa amesimama nyuma ya mlango, khanga mdomoni. "Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Wazee wale walipanda basi tangu asubuhi na mifupa yao inauma, wakaja kutazama kioo kinachowakatalia kitabu chao. Na si mimi peke yangu. Mipaka yao wote imo mle. Jovin akiuza leo, kesho mwingine atauza, na hakuna wa kusema mpaka ulipita wapi."

Mjumbe mmoja alikunja karatasi zake. Alisema, kwa upole, kwamba baraza linahukumu kwa kinachoonekana. Wiki iliyofuata wakatoa uamuzi: Dominika hana ushahidi. Amepewa muda wa kuvuna ndizi zake na kuhamisha ng'ombe wake mmoja mpaka sikukuu zipite. Mnunuzi anaingia Januari.

Godbless amezinakili disketi sita kwenye kompyuta, zisije nazo zikafa kwa ukungu wa mlimani. Zimo humo mpaka leo, vipande sita vya mzigo usiofunguka, vikila nafasi ambayo Dominika anaihitaji kwa kazi za wateja. Asubuhi nyingine, kabla wateja hawajaja, huifungua ile programu. Anajua itasema nini.

"Naifungua tu," anasema. "Kama mtu anayekwenda kupapasa mfuko ambao anajua hauna kitu."

Jumamosi iliyopita mwandishi alipanda Kirua kumtafuta Jovin. Si jitu la kutisha. Ni mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na moja, buti zimejaa udongo wa nyanya, watoto watatu wakimfuata nyuma. Alitoa kiti, akamimina mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata, akasubiri mgeni anywe kwanza.

"Baba alisomesha watoto wanane kwa kahawa hii," alisema, akionyesha mibuni iliyokonda. "Msimu uliopita nimeuza kilo kwa shilingi mia tano. Dawa ya kupulizia, chupa moja ni elfu nane. Sasa niambie wewe uliyesoma, nifanye nini? Nikae nalinda migomba ya dada anayeishi mjini?"

Na ule ukurasa wa sitini na moja?

Alimfukuza kuku. "Mimi nilikuwa mtoto."

Na disketi?

"Ninayo. Sijaitupa." Aliingia ndani, akarudi nayo. Inakaa kwenye kabati la vioo, kati ya picha ya komunyo ya mtoto wake na vikombe visivyotumika. Kile kibati cha mbele hakipo. "Huyu mdogo alikibandua, alikitaka kwa gari lake la mti," alisema. Ndani, utando mweusi ulionekana wazi, na juu yake kulikuwa na doa la rangi ya maziwa.

Mwandishi aliuliza kama angekubali kuishusha mjini kabla ya Januari. Uso wa Jovin ukabadilika.

"Ameniita mwizi mbele ya baraza. Mimi, mdogo wake. Watu wakacheka. Aje na isale. Aje mbele ya ukoo mzima na jani mkononi. Akija, nitaona."

Isale ni jani la masale yale yale ya mpaka. Kwa Wachaga, anayekuletea jani hilo amekuomba msamaha wa mwisho, na kumkatalia ni kujitafutia laana. Hulibeba mkosaji. Mwandishi aliondoka Kirua akiwa ametumwa ujumbe huo.

Jumatatu, Majengo, Dominika alitaka kujua jambo moja kwanza. "Umeiona? Ikoje?"

Mwandishi alimweleza habari ya kibati, na ya lile doa.

Aligeuka kumtazama Godbless. Kijana alikuna kichwa. Alisema ganda si tatizo, utando unaweza kuhamishiwa kwenye ganda la disketi nyingine. Kuhusu doa, hakujua. Alisema labda. Kisha akasema labda mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi.

"Nitakwenda," Dominika akasema.

Ukoo unakutana tarehe 26 Desemba, siku ya mnyama. Mara hii, kwa mara ya kwanza katika miaka yote anayoikumbuka, hana hakika kama nyumba zote zitafika.

"Kwa kumwita mwizi nitamwomba msamaha, anachotaka nitampa. Nimebakiwa na kiburi cha nini? Na nyumba nyingine sita nitaziomba kwa kukifunga kitabu chao. Hilo nitaliomba kwa moyo, maana hilo nililifanya kweli."

Jani atalikata wapi? Anacheka kidogo, kicheko kibaya. Umebaki mmoja, anasema, ule wa kando ya mfereji. Ule ule ambao Jovin aliushika kwa mikono miwili jua likizama, kwa sababu ulikuwa wa mwisho na wote wawili walikuwa wamechoka. Atakata jani pale, kwenye mpaka wa shamba lake, ampelekee aliyeung'oa.

"Akilipokea, nitamwomba disketi. Disketi ikisoma, nitauona mwandiko wa Baba Mkubwa. Ikikataa..." Hakumalizia. Mteja alikuwa mlangoni, anataka kadi za Krismasi.

Kabla ya kuagana alimwita mwandishi nyuma ya meza. Alitaka kumwonyesha kitu. Alibofya mara mbili, ukurasa ukafunguka papo hapo, bila kuomba chochote. Ilikuwa ratiba ya mazishi. Dominika Kornel, alizaliwa Kirua Vunjo, mwaka 1954. Ubatizo, shule, kazi, mtoto mmoja, Zita. Nyimbo ameshazichagua. Kila mstari umejazwa, isipokuwa ule wa mahali pa kuzikwa, ambapo ameacha nukta nukta.

"Hapo nitapajaza nikirudi kutoka mlimani tarehe 27," alisema. "Mafaili yote humu nimeyabana. Hili sijalibana. Zita akilihitaji, nataka lifunguke."